Mama Fumua na Mistari Kumi na Mmoja

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliotoka kazini hospitalini mkaja moja kwa moja na sare zenu, kwa niaba ya familia nawashukuru kwa kusimama nasi tangu juzi, na nawaomba mnivumilie, kwa sababu aliyepangwa kusoma hapa ni mdogo wangu wa kiume, seremala mnayemfahamu, naye amesema tangu asubuhi kwamba sauti haipo, basi karatasi nimeichukua mimi, binti wa marehemu, ambaye kazi yangu ni kupima ardhi na si kusema mbele za watu. Maisha ya mama nimeyaandika mara sita, na kila nilipofika mwisho niliona mahali ambapo angeniambia nirudie, hii mtakayoisikia ni ya sita, na ningekuwa na siku moja zaidi ingekuwa ya saba.

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 3 Mei 1952, akiwa mtoto wa nne na kitindamimba, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na kiwanda cha matofali, baba yake akiwa mlinzi wa lango la kiwanda hicho na mama yake, yaani bibi yetu, mshonaji wa mifarishi, yale mablanketi ya viraka yenye kitambaa cha juu, pamba katikati na kitambaa cha chini, vyote vitatu vikishikanishwa kwa mistari ya mishono ya mkono. Vumbi jekundu la kiwanda lilifika hata kwenye kopo la chumvi, lakini bibi alikuwa na sanduku moja la mbao ambalo vumbi halikuwahi kuliingia, humo ndimo vilimolala vitambaa vyake, na watoto walikuwa wakinong'ona kwamba katika nyumba ile heri uzaliwe kiraka kuliko kuzaliwa mtoto.

Bibi hakuwa na maneno mengi, alikuwa na maneno machache aliyoyarudia. Alisema mshono mmoja mvivu huwaita wenzake. Alisema uso wa mfarishi ni wa wageni, mgongo wake ni wako na Muumba wako. Alisema mjinga humaliza, fundi hurudia. Na lile aliloliweka juu ya yote, ambalo sisi wajukuu tulilijua kabla ya kujua majina ya siku, alisema kufumua si aibu, aibu ni kuacha. Mama aliyasikia hayo tangu anatambaa, na alipofikisha miaka sita akapewa sindano na kipande cha shuka, mstari wake wa kwanza ukafumuliwa mara kumi na tisa, yeye mwenyewe ndiye aliyezihesabu, na alikuwa akituambia kwamba hivyo ndivyo alivyojifunza kuhesabu.

Alianza shule ya msingi Januari 1960, ile iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1966, na mwaka uliofuata akachaguliwa kwenda sekondari ya wasichana, ambako alisoma kwa miaka miwili tu. Mwishoni mwa mwaka 1968 waliwekewa mtihani wa ushonaji, kila msichana ashone aproni yenye mfuko kwa saa tatu, na mama aliufumua mfuko wake mara mbili, kengele ikalia aproni iko mezani na mfuko uko mkononi. Mwalimu akamwambia, "Ungeuacha ulivyokuwa mwanzo ungepata tisini." Naye akajibu, "Ningepata tisini za mfuko uliopinda, mwalimu." Akapewa thelathini na tano. Hakuacha shule kwa ajili ya alama hizo, kama wengine walivyodhani, aliacha kwa sababu mwaka huohuo macho ya bibi yalifunikwa na mtoto wa jicho, na mikono iliyokuwa na kazi za watu haikuwa na anayeiongoza, basi mama akarudi nyumbani akawa macho ya mama yake, akashona huku bibi akipitisha kidole nyuma ya kila mstari na kusema, jicho likisamehe, kidole kisisamehe.

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na baba yetu, fundi wa kukarabati vitanda vya hospitali, aliyekuja kwanza kama mteja akitaka mfarishi wa mama yake. Aliambiwa arudi baada ya wiki tatu, akarudi mara kumi na moja, kila mara akiambiwa bado kidogo, na katika hizo kumi na moja, mara nne za mwisho mfarishi ulikuwa umekwisha, ila hapakuwa na aliyetaka kulisema hilo. Baba alikuwa mtu wa utani, aliwaambia wenzake kwamba ameoa nyumba ambayo hata usingizi hupigwa pasi, na rafu ya kwanza aliyoitundika jikoni aliishusha mara nne kwa amri ya mke wake, ya nne akaibusu kabla ya kuipigilia misumari.

Sasa nafika mahali ambapo tuliwaza kuparuka, tukaona tukiparuka tutakuwa hatujasema lolote kuhusu mama. Tarehe 22 Agosti 1977 alijifungua mtoto wake wa kwanza, wa kike, aliyezaliwa kabla ya wakati, naye akaishi siku sita. Asubuhi ya tarehe 28 muuguzi alimletea mtoto amefungwa katika kipande cha shuka la hospitali, kimechanwa kwa mkono, hakina pindo, nyuzi zinaning'inia pande zote nne, na mama akaomba sindano. Muuguzi alidhani hajasikia vizuri. Mama akarudia, "Nipatie sindano na uzi, nimpindie." Muuguzi akamwambia kwa upole, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, "Mama, hakuna atakayeona." Mama akasema, "Mimi nimeona." Sindano haikupatikana, gari lilikuwa linangoja, na dada yetu akazikwa na nyuzi zake zinaning'inia. Hili alitusimulia mara moja tu, tukiwa watu wazima, akiwa ameshika kazi nyingine mkononi, wala hakuinua kichwa alipokuwa akisimulia.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 1 Desemba 1977, alikwenda mwenyewe kuomba kazi katika chumba cha ushonaji cha hospitali hiyohiyo, na akafanya kazi humo miaka thelathini na moja na miezi saba, hadi tarehe 30 Juni 2009. Chumba chenyewe kilikuwa ghorofa ya chini, kati ya dobi na stoo ya mashuka, kina madirisha mawili yasiyokauka mvuke, cherehani tatu, na meza moja ndefu ya kukatia ambayo baba aliitia miguu mipya mara mbili. Kazi aliyoajiriwa nayo ni kuziba mashuka yaliyotoboka na kushona upya magauni ya wagonjwa, lakini mashuka yaliyochoka kabisa, ambayo yalikuwa yakichanwa matambara ya kupigia deki, aliyapitia moja moja, akakata kingo ambazo bado zina nguvu, akaziunga viraka, akatengeneza mifarishi midogo ya wodi ya watoto, na mingine midogo zaidi, ya wale ambao hawangerudi nyumbani.

Mkuu wa chumba wa wakati huo alimkuta siku moja akifumua mmoja wa ile midogo kabisa, akamuuliza, "Huyu ni wa siku moja tu, mbona unamshonea kama bibi harusi?" Mama akamjibu, "Kama ni siku moja tu, basi hii ndiyo nguo yake yote." Tangu siku hiyo kila mtoto aliyefariki katika hospitali ile alitoka amefunikwa mfarishi wenye pindo pande zote nne, wenye mgongo msafi kama uso, na mama hakuweka hesabu yake, wala sisi hatukuwahi kumuuliza. Mwenzake wa cherehani ya pili, ambaye wote tunamwita Mama Pini, naye yupo hapa mstari wa mbele, na leo pia ana pini kwenye ukosi, ndiye aliyembatiza jina la Mama Fumua, kwa sababu neno hilo lilimtoka mama mara nyingi kuliko habari za asubuhi. Mwaka 2009 hospitali ilianza kuagiza mablanketi yaliyo tayari, chumba kikafungwa, mama akaagwa kwa cheti na saa ya ukutani, akashukuru kwa adabu zote, na alipofika nyumbani akaitoa ile riboni ya cheti akaibandika upya, kwa kuwa ilikuwa imekwenda upande.

Baada ya dada yetu, Mungu alimjalia marehemu watoto wawili, mimi niliyezaliwa tarehe 11 Machi 1979 na mdogo wangu aliyezaliwa tarehe 30 Septemba 1983, na nitakuwa mwongo nikisema ilikuwa rahisi kulelewa na mtu kama yeye. Nyumbani kwetu sifa ya juu kabisa ilikuwa maneno mawili, "si mbaya", mdogo wangu aliipata mara mbili, mimi mara moja, na baba aliipata siku ya rafu. Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu nilishona foronya ya maonyesho ya shule, niliishona kwa wiki nne, viraka thelathini na sita, na asubuhi ya maonyesho nilipokaa kwenye meza ya chai nikavikuta viraka vyangu thelathini na sita mbele yangu, vimekunjwa vizuri, vimepigwa pasi, na uzi wangu wote umezungushwa kwenye kipande cha kadi. Mama alikuwa anamimina chai. Alisema, "Mgongo wake ulikuwa unadanganya." Nikamwambia sitashika sindano tena maisha yangu yote, naye akasema basi utafute kitu kingine cha kunyoosha, nikaenda nikajifunza kupima mipaka ya viwanja, ambako mstari ukishapigwa kwa mashine hakuna mama wa kuufumua. Ndugu zangu, nilimchukia kwa miaka mingi, na nalisema hili mbele ya jeneza lake kwa sababu angejua ninadanganya kama nisingelisema.

Baba yetu alifariki tarehe 19 Januari 2005, na mama akaishi peke yake katika nyumba ileile, akishona mifarishi ya watu, mpaka tarehe 9 Februari 2022, saa tatu asubuhi, ambapo jirani wa mlango wa pili alisikia kastabini, ile kofia ndogo ya chuma ya kidole cha mshonaji, ikidondoka sakafuni na kuviringika bila mtu wa kuiokota, akajiuliza, akagonga, akaingia. Kilikuwa kiharusi, kilichochukua upande wake wa kulia, mguu ukarudi baada ya miezi minne, maneno yakarudi baada ya sita, na mkono wa kulia haukurudi. Nilimhamishia kwangu, nikaomba likizo, kisha nikaomba kazi za karibu, kisha nikaacha kuomba nikawa napima viwanja asubuhi tu. Daktari alituambia tusimkatishe tamaa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo akampa mpira wa kubana, mama akaubana kwa ule wa kushoto na kuutazama ule wa kulia kama mtu anayemtazama mtoto anayejifanya amelala.

Tarehe 16 Aprili 2023 binti yangu alitujulisha kwamba ni mjamzito na mtoto anategemewa mwezi wa kumi na moja, na mama, ambaye tangu kiharusi hakuwa ametaja kushona hata mara moja, akanituma nikamletee uso wa mfarishi aliokuwa ameuunga kabla ya kuugua, viraka vya samawati na vyeupe, bado mistari ya kushikanisha tu, mistari thelathini na minane. Nilimpigia bandi, ile mishono mirefu ya muda inayoshikilia vitambaa, kama alivyonielekeza, nikamtilia uzi kwenye sindano, nikambania kazi ukingoni mwa meza kwa vibanio viwili vya seremala alivyoleta mdogo wangu, naye akaanza kwa mkono wa kushoto, mkono ambao miaka sabini haukuwahi kufanya lolote ila kushikilia. Mstari mmoja ulimchukua karibu wiki nzima. Na mstari wenyewe, ndugu zangu, ulikuwa unapanda na kushuka, mishono mingine mirefu kama kidole, mingine imerukwa, upande wa nyuma mafundo matupu, na yeye macho yake yalikuwa yameshachoka kama ya bibi, hakuuona vizuri, akaniuliza, "Vipi?" nikasema, "Unakwenda vizuri, mama."

Hapo ndipo nilipofanya nililolifanya. Kila siku saa nane mchana, alipolala, niliuchukua ule mfarishi nikaifumua mishono aliyoishona asubuhi, nikaishona upya mimi, mimi niliyeapa, na nikakuta mkono wangu haujasahau hata kidogo, mishono kumi na miwili kwa urefu wa kidole cha shahada, imenyooka, mgongo msafi. Sikutaka aione aibu ile. Nilisema moyoni, amewashonea watoto wote wale, hastahili kumaliza hivi, na pengine, sijui, pengine nilitaka pia kuona kwamba ninaweza. Nilifanya hivyo tangu mwezi wa tano, mstari wa kwanza, wa pili, mpaka wa saba, na kila jioni nilimwekea kazi yake mapajani na kumwambia ona ulivyoshona.

Tarehe 2 Julai 2023 niliporudi kutoka sokoni nilimkuta amekaa kitandani, mfarishi umegeuzwa mgongo, kidole gumba cha kushoto kinatembea juu ya mistari yangu saba, kinakwenda na kurudi. Akaniuliza, "Nani ameshona hii?" Nikamwambia ni yeye. Akasema, "Mafundo yangu nayafunga upande wa kulia. Haya ni ya mtu mwingine." Kidole chake kikasimama. Akasema, "Ni wewe." Nikasema, "Ndiyo, mama, nilitaka tu iwe nzuri." Mama yangu, ambaye sikumwona akilia siku ya baba, alilia mpaka nikaogopa nikamwita jirani, na katika kulia kwake alikuwa anasema jambo moja, "Kila mstari nilishona wiki nzima, mkono umekufa nusu, ukanifumulia. Iko wapi kazi yangu? Nirudishie." Nami sikuwa na cha kumrudishia, uzi wake nilikuwa nimeutupa kwenye ndoo ya taka siku baada ya siku, na uzi uliofumuliwa hata ukiuokota haukumbuki ulipopita. Nilipiga magoti. Nilimwomba radhi kwa maneno yote niliyonayo. Nilimkumbusha, Mungu anisamehe, nilimkumbusha hata foronya yangu, nikasema, "Si ndivyo ulivyotufundisha?" Akasema, "Wewe nilikufumulia ukiwa na miaka ya kurudia. Mimi ninayo mingapi?"

Kwa wiki tano hakushika sindano, hakubana mpira, hakula mpaka alishwe, alitazama ukuta, na mimi nilitembea ndani ya nyumba ile kama mwizi aliyerudi kulala mahali alipoiba. Mdogo wangu alikuja kila jioni akambembeleza, binti yangu alikuja na tumbo lake akauweka mkono wa bibi yake juu yake, Mama Pini alikuja akakaa naye saa nzima kisha akaniambia mlangoni, "Mwanangu, hapa sijui nikwambie nini." Daktari aliongeza dawa. Nilifika mahali nikaomba, na sioni haya kusema, nikaomba kama ni kumchukua basi achukuliwe ila asichukuliwe akiwa hivi.

Tarehe 8 Agosti, baada ya chai ya asubuhi, alisema, "Sindano iko wapi?" Nilikimbia. Akaniwekea masharti mbele ya mdogo wangu kama shahidi, kwanza niifumue mistari yangu yote saba, niifumue pale pale anasikia, na nikaifumua, ilinichukua siku mbili, matundu ya sindano yakabaki kwenye kitambaa kama ndui. Pili, kazi yangu iwe kutia uzi tu. Tatu, nikiulizwa niseme kweli. Akaanza upya. Kila alipofika mwisho wa mstari aliniuliza, "Umenyooka?" nami nikamjibu, "Haujanyooka, mama," naye akasema, "Basi, acha." Mama Fumua aliyasema maneno hayo. Mara ya kwanza nilipoyasikia nilitoka nje nikashika ukuta. Mstari wa nne moyo ulinishinda, nikasema umenyooka, akapitisha kidole gumba akaniambia, "Usiniongezee ugonjwa," nami sikurudia tena. Hakufurahi, nisiwadanganye kwamba alipata faraja, kila mstari ulimuuma, nilikuwa nauona uso wake kidole kinapogundua mstari ulipokwenda upande, lakini alishona, kwa sababu mwezi wa kumi na moja ulikuwa unakuja na yeye hakuwa na hakika ya kuufikia.

Mstari wa kumi na moja aliumaliza tarehe 9 Oktoba, saa tano asubuhi. Aliniuliza kama umenyooka, nikamjibu kweli, na safari hii hakusema acha. Aliukunja mkono wake akaniuliza, "Lakini nilikuwa najua kushona, si ndiyo?" Nikamwambia, "Ndiyo, mama, ulikuwa unajua." Akataka nimwambie tena. Nikamwambia tena.

Tarehe 11 Oktoba alipata kiharusi cha pili, akapelekwa hospitali ileile aliyoitumikia, akalazwa wodi namba nne, na kwa siku sita hakusema neno, ila mkono wake wa kushoto ulikuwa ukiinuka na kushuka juu ya shuka, unachoma, unavuta, unachoma, unavuta. Muuguzi kijana alidhani ni degedege akataka kumwita daktari, nikamweleza ni nini, akavuta kiti akakaa. Niliushika mkono ule nikajaribu kuutuliza, nikaona ninamzuia, nikauachia. Uliendelea kwa siku nne, siku ya tano ukawa mzito, na tarehe 17 Oktoba 2023, saa nne na dakika arobaini asubuhi, mama yetu alifariki, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, akiacha watoto wawili, wajukuu watatu, na kitukuu mmoja ambaye bado hajafika.

Ule mfarishi mnauona pale mezani, kando ya jeneza, na lazima niseme kwa nini uko pale, maana tulibishana juu yake siku nzima ya tarehe 18. Mdogo wangu alitaka Mama Pini aumalize vizuri kabla ya leo ili mama asifedheheke mbele ya watu. Mama Pini aliugeuza, akautazama mgongo wake, akasema, "Nimekaa naye miaka thelathini na moja. Huyu hangetaka mtu yeyote aione hii." Na ni kweli, tunajua ni kweli, hangetaka. Binti yangu ndiye aliyemaliza maneno, alisema, "Mtoto ni wangu. Nitamfunika nao hivihivi, na sitaki mtu auguse." Basi tumeuleta, mistari kumi na mmoja kati ya thelathini na minane, na huko chini viraka vimeshikwa na bandi tu. Sijui kama tumefanya sawa. Kama ni fedheha, ni mimi niliyemfedhehesha mama yangu mara mbili, na nitaibeba. Mtakapopita kumuaga, mkitaka kuugeuza mgongo, ugeuzeni, ila tafadhali msiunyooshe.

Familia inamshukuru daktari wa wodi namba nne na wauguzi wake wote, hasa yule aliyevuta kiti, tunamshukuru mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuja nyumbani hata siku ambazo mama alimgeuzia mgongo, tunamshukuru jirani wa mlango wa pili aliyeisikia kastabini, majirani wa kwangu waliopika, waliofua na waliokaa nasi, wafanyakazi wa dobi na wa stoo ya mashuka, waliostaafu na walio kazini, na Mama Pini, ambaye hatuna neno la kumtosha. Kwa wote ambao hatukuwataja, si kwa kuwasahau, ni karatasi imekwisha.

Mama, hakuna anayekuuliza kitu tena. Pumzika kwa amani, mkono wa kulia na wa kushoto.